Sentimita Tatu za Mama Mkwe

Katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, pale Makambako, hakuna aliyemwita Elius Mgaya kwa jina lake. Aliitwa Sentimita. Kazi yake kwa miaka ishirini na nane ilikuwa kushika futi. Wapimaji wenye vyeti walikuja wakahamishwa, wathamini walikuja wakahamishwa, yeye akabaki palepale na futi yake ya mita hamsini, kopo la rangi nyekundu na brashi iliyokwisha manyoya. Palipotakiwa barabara, soko au zahanati, Elius ndiye aliyetangulia kuingia uani kwa watu, na wenyewe walipomwona anainama kuivuta ile futi, waliacha kubishana wakaanza kutafuta hati zao.

Hakuwahi kumpendelea mtu hata unene wa kucha. Mwaka ule barabara ya mtaani kwake ilipopanuliwa, futi ilikigusa choo chake mwenyewe. Wenzake wakamwambia, Sentimita, hiki tukiruke, nani atajua? Akakataa katakata. Alichovya brashi, akapiga X kubwa mlangoni, akasubiri ikauke kidogo, kisha akaingia kukitumia, maana tumbo lilikuwa linamsumbua tangu alfajiri. Kisa hicho kilisimuliwa mpaka Njombe mjini.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimwona amekaa mbele ya chai mpaka inapoa, ujue kuna jambo. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nne, mvua juu na ukungu chini. Halmashauri ilikuwa inapanua barabara ya kwenda kituo kipya cha afya, mita kumi na tano kila upande kutoka katikati. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya uthamini, na nyumba ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ya mama mkwe wake, Esnath, mjane wa miaka sabini na tisa.

"Nakwambia mapema," alisema mkewe, Janeth. "Futi yako ikiigusa nyumba ya mama yangu, utajipikia mwenyewe mpaka ustaafu. Mama ahamishwe na masufuria yake uzeeni? Thubutu!"

"Mke wangu, mstari sichori mimi."

"Futi unashika wewe."

Kumwuliza mama mkwe mwenyewe lilikuwa jambo lisilowezekana. Katika ukoo wa Janeth, heshima ya mkwe haina mchezo. Mkwe hampi mama mkwe mkono, hali mbele yake, wala hamsemeshi uso kwa uso. Wakikutana njiani, Elius huingia kwenye shamba lililo karibu, liwe la nani, akasimama katikati ya mahindi kama mwizi mpaka mama apite. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, yote ya namna hiyo. Neno likiwapo, hupitia kwa mtu wa tatu. Janeth naye hakuwa amemwuliza mama yake. Alijua tu, kama watoto wengi wanavyojua mambo ya wazazi wao bila kuyauliza.

Walifika saa nane mchana. Mthamini alikuwa Dainess, binti mwenye miwani aliyetumwa kutoka Njombe, na shahidi alikuwa mwenyekiti wa mtaa, Obed. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishwa nusu, na nyuma yake palikuwa na sauti.

"Mwenyekiti, mwambie mkwe karibu."

Obed, aliyesimama hatua mbili tu kutoka kwa Elius, akageuka. "Mkwe, mama anasema karibu."

"Mwambie mama ahsante."

"Mama, mkwe anasema ahsante."

Dainess aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani hawasikiani?"

"Wanasikiana vizuri sana," Obed akasema.

Dainess akaeleza utaratibu kwa sauti, ili na mlango usikie. Mstari ukiigusa nyumba, hata ukuta tu, nyumba nzima inathaminiwa na mwenyewe analipwa ajenge kwingine. Usipoigusa, nyumba inabaki kama ilivyo na fomu inafungwa leo. Kisha akashika ncha ya futi kwenye msumari uliopigwa katikati ya barabara, na Elius akaanza kuelekea ukutani.

Balaa ni kwamba ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha kulala cha mama mkwe, dirisha wazi. Elius alikwenda kinyumenyume, mgongo ukielekea dirishani, akivuka tuta moja la viazi baada ya jingine, hadi akausikia ukuta kisogoni. Akaivuta futi ikakaza juu ya matuta, sawasawa kama alivyowafundisha vijana wote wa ofisi. Akasoma. Kumi na nne, tisini na saba.

Sentimita tatu ndani ya mstari! Upana wa vidole viwili vya mkulima. Elius alikuwa ameshasoma namba maelfu na hakuna hata moja iliyomtisha kama hii. Alimwona Janeth na jiko lililozimwa. Akamwona bibi wa watu akipanda kilima na masufuria kichwani. Mkono wake ukashuka wenyewe, polepole, na futi ikalala juu ya matuta ya viazi, ikipanda na kushuka, tuta kwa tuta. Akasoma tena.

"Kumi na tano na sentimita tatu!" alipiga kelele.

"Haijaguswa," Dainess akasema, akianza kuandika. "Mama anabaki na nyumba yake."

Elius aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka ishirini na nane, na leo amedanganya. Alitamani mahindi asimame katikati yake, ila palikuwa na viazi tu, na viazi havimfichi mtu.

Ndani ya chumba kigoda kikaanguka.

"Mwenyekiti! Mwambie mkwe ainue futi!"

"Mkwe, mama anasema uinue futi."

"Mwambie mama futi iko sawa."

"Mama, mkwe anasema..."

"Nimesikia! Mwambie futi imelala kwenye matuta yangu. Matuta hayo nimelima kwa mkono wangu, nayajua kimo chake. Na mwambie nina kamba!"

Obed akafuta jasho, pamoja na baridi yote ile. "Mkwe, mama anasema ana kamba."

Mlango ukafunguka wote. Bibi Esnath alitoka na kamba ya kuanikia nguo, yenye mafundo kila mahali, akakanyaga viazi vyake mwenyewe mpaka akafika mbele ya mkwewe. Elius akageukia ukuta. Hakukuwa na pa kwenda zaidi.

"Kamwene, Elius," bibi alimsalimu kwa salamu ya kwao. "Inua futi."

Obed alifungua kinywa ili apeleke ujumbe, akaona umeshafika, akakifunga. Elius alikuwa hajawahi kusikia jina lake likitoka kwenye kinywa kile.

"Mama," aliuambia ukuta, "Janeth alisema hutaki kuhama."

"Janeth aliniuliza lini? Bati linavuja, kitanda nakisukuma kila mvua inaponyesha. Malori ya mbao yakipita vikombe vinacheza kabatini. Mwaka mzima namwomba Mungu barabara ije! Kiwanja nimeshaonyeshwa kule juu, jirani na rafiki yangu Priska. Nimepima kwa kamba mara tatu, imegusa. Wewe mtu uliyekipiga X choo chako, ndiyo unakuja kunihurumia mimi?"

Elius aliinua futi. Ikakaza, ikanyooka.

"Kumi na nne, tisini na saba," alisema. Halafu akamgeukia Dainess. "Ile ya kwanza sikukosea. Niliilaza makusudi."

Dainess akakata mstari mmoja kwenye fomu. "Nimeandika tisini na saba, mzee. Ile nyingine kulikuwa na upepo, sikuisikia."

Upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani.

Kopo la rangi likafunguliwa. Elius alitaka kuipiga X ndogo pembeni, kwa heshima, lakini bibi alimwonyesha kwa kidole: hapo katikati, na iwe kubwa. Kisha akaingia kuvaa kitenge cha kanisani, akapigwa picha mbele ya ukuta ameshika kibao cha jina lake, amenyooka kama bibi harusi. Aliporudi tena alikuwa amebeba sinia la viazi vya kuchemsha, vinatoa moshi.

Elius alichukua viwili, akageuka, akaanza safari ya kwenda nyuma ya ua.

"Unakwenda wapi?"

"Mama, siwezi kula mbele ya nyumba yako."

"Nyumba yangu ipi? Hii si umeipiga X mwenyewe? Ni ya halmashauri. Kaa ule."

"Kisheria, bibi," Dainess akasema, "ni yako bado mpaka ulipwe."

"Wewe mtoto, kula viazi."

Elius akakaa. Miaka thelathini na mmoja, na hakujua macho ayaweke wapi, basi akayaweka kwenye ile X, rangi ikichuruzika polepole ukutani. Viazi vilikuwa vitamu. Bibi Esnath akamsogezea sinia.

"Ongeza," alisema. "Nikishahamia kwenye ile mpya, utarudi kusimama kwenye mahindi."

Elius akaongeza vitatu.