Mdomo Uliokufa Ganzi Kijijini Kwapa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nilianza maisha kwa kuvusha magunia ya mahindi hapa Busia mpakani kwa baiskeli, leo nina malori mawili, na shule niliishia darasa la nne. Sasa kidonda kidogo cha ulimi kinifanye nini?

Lakini kilinitokea siku mbaya. Tulikuwa tunakwenda kijiji cha Kwapa, upande wa Uganda, kuzungumza mahari ya mpwa wangu, na msemaji wa ukoo ni mimi, maana kwa maneno hakuna anayeniweza. Tulikuwa na ng'ombe watano tu. Upande wa binti walishatuma habari kwamba wanataka wanane. Nikishindwa kusema, kijana hana mke.

Nikapita duka la dawa. Dada wa pale akanipa tyubu ya dawa ya kupaka.

"Mzee, hii haiponyi kidonda. Inazuia neva zisipeleke maumivu kichwani, kwa muda mfupi. Paka kidogo, kama punje ya mtama. Na usinywe cha moto kabla ulimi haujaamka."

"Punje ya mtama? Unaniona mtoto?"

"Naona mwili mkubwa, mzee. Ulimi ni kama wa wengine."

Tulipofika langoni kwa akina binti nikapaka tyubu nzima. Maumivu yakazima. Ulimi nao ukazima.

Wakaleta chai ya moto kabisa. Wenzangu wakapuliza, mimi nikanywa tu, sisikii kitu. Mjomba wa binti akanitazama sana.

"Ng'ombe wanane," akasema.

Nikatafuta maneno yangu, ulimi umelala kama nyama ya mtu mwingine. Nikanyoosha vidole vitano.

"Haya, saba."

Vidole vitano.

"Sita basi, mkwe. Sema hata neno."

Sikushusha mkono. Akawageukia ndugu zake: "Huyu anakunywa moto na hapepesi jicho. Tukibishana naye tutalala hapa." Wakacheka, wakakubali watano.

Njiani ulimi uliamka, na ndipo nikajua chai ile ilikuwa ya moto kiasi gani. Nikarudi dukani, mdomo wazi.

"Chai?" akauliza yule dada.

Nikaitikia kwa kichwa, akaniuzia tyubu nyingine. Safari hii nikapaka punje ya mtama, na ikatosha.

Wengine huuza shamba ili kijana aoe. Mimi nilimwozesha mpwa wangu kwa tyubu mbili za dawa: shilingi elfu ishirini na nne za Uganda.