Viazi Vyekundu Chini ya Kitanda

Baba yangu alifanya kazi ya shamba kwa mzungu kule Lugari mpaka bendera ilipobadilishwa, mzungu akauza shamba, akaenda zake. Alirudi nyumbani Khayega na wazo moja lililomganda kichwani: kupata kiazi chake mwenyewe, chenye ganda jekundu, kitakachostahimili mvua zetu. Viazi tulivyopanda siku hizo viliungua majani kila mvua ilipozidi, tukabaki kuchimba uozo.

Wenzake walipanda kiazi kupata kiazi. Yeye alichuma vile vitunda vya kijani vinavyofuata maua, ambavyo watoto walirushiana, akavikamua mbegu, akazikausha na kuzisia kwenye masanduku ya udongo. Kila mche ulizaa viazi vya namna yake, vingine vidogo kama gololi, vingine vichungu. Msimu baada ya msimu alitupa, akaanza tena. Majirani walimuuliza kama alikuwa akilima au akichagua mke.

Hatimaye shina moja lilibaki kijani huku mengine yakiungua, na chini yake mlikuwa na viazi vyekundu. Alivizidisha polepole, bila kuruhusu kipikwe hata kimoja. Tulipovivuna vyote, alivitandaza gizani chini ya kitanda chake na mama, vingoje kupandwa. Mama ndiye aliyevipalilia, na ndiye aliyevigeuza visioze.

Kisha mama akafa, kwa homa ya siku chache, mvua ya kupanda ikikaribia. Hata leo naumia nikiandika hivyo.

Kwetu maiti hulazwa nje, kitandani pake, watu wamwone. Vijana waliingia, wakakitoa kitanda. Wake wa ukoo, ambao ndio hushika jiko wakati wa msiba, walifagia chumba na kukuta viazi vimelala sakafuni. Ua ulikuwa umejaa waombolezaji na unga umekwisha. Ningewalaumu vipi? Mwenye msiba haulizwi mambo ya jikoni, na baba alikuwa ameketi nje, upande wa kichwa cha mama.

Alijua sahani zilipoletwa. Maganda yalikuwa yamefifia, lakini aliyatambua. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna vilivyobaki. Shangazi, dada yake, akamjibu kwa fahari kwamba vimepikwa vyote na kila mgeni amepata. Nilimchukia papo hapo, maskini, naye hakuwa ameketi tangu asubuhi. Mzee mmoja akasema ni vitamu sana, tena vina unga, akauliza tumevitoa wapi.

Nilingoja baba afoke. Aliiweka sahani magotini, akatutazama sisi watoto wake.

"Mama yenu alikuwa ananiombanga kimoja tu, aonje," akasema. "Nikamwambia angoje viwe vingi."

Kisha akala, polepole, na maganda yake, akilia waziwazi mbele ya watu.