Picha Aliyoitaka Kipara

Jina la Kipara alipewa na wateja wake mwenyewe, maana kwa miaka ishirini na sita alikata nywele za watu, naye kichwani hakuwa na hata unywele wa dawa. Alicheka nao. Lakini mwaka ule kicheko kilianza kumkauka. Anamnyoa mtu upande mmoja, mara anaweka mashine chini, "Nisubiri kidogo, bwana," anakimbilia choo cha uani. Dakika tano. Kumi. Mteja kabaki kitini na nusu kichwa, anajitazama kwenye kioo. Kipara anarudi jasho linamtoka, na kabla hajamaliza upande wa pili ameshaondoka tena.

Na huko chooni kulikuwa na nini? Hakuna kitu! Anashika ukuta, anajikamua, yanatoka matone mawili matatu, basi. Tumbo chini ya kitovu bado limejaa. Aliogopa, tena sana, lakini jaribu kumwambia mwanamume aseme jambo kama hilo. Wanaume sisi, jamani!

Mkewe ndiye aliyemtimua aende hospitali. "Baba watoto, kitanda chetu kimekuwa stendi, unaingia unatoka. Kesho usipokwenda nitakupeleka mimi, nimekushika mkono, watu waone."

Akaenda, tena peke yake. Muuguzi alikuwa binti wa rika la mwanawe. Alipomuuliza kinachomsumbua, Kipara alitazama sakafu. "Kiuno," akasema. "Na… mambo ya haja ndogo, kidogo tu." Muuguzi akampa karatasi na kalamu. "Haya mzee, kila mstari weka alama kwenye picha moja. Ukimaliza niletee." Akamwita anayefuata.

Juu ya karatasi kulikuwa na maandishi. Shule Kipara aliiacha mapema, kusoma kukampiga chenga maisha yake yote, na siri hiyo hata watoto wake hawakuijua. Nyumbani ilisingiziwa miwani. Picha lakini alizielewa. Mstari wa kwanza ni wanaume wanakojoa: wa mwanzo mkojo unaruka mbali, wa mwisho unamdondokea viatuni. Mstari wa pili ni kitanda na mwezi, mtu analala hadi asubuhi, anaamka mara moja, mara mbili, mpaka mara tano. Mstari wa mwisho ni nyuso, kutoka anayecheka mpaka anayelia.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Dukani kwa Kipara ukuta mzima ni picha za vichwa. Mteja akiingia hana haja ya maneno mengi, anaonyesha kwa kidole kichwa anachokitaka, naye anatengenezewa hicho. Kwa kinyozi, picha ni ya kuagizia. Kipara akaona hapa pana ustaarabu kweli, wanamuuliza mtu anataka atoke vipi! Akaweka alama kwenye mkojo unaoruka mbali, kwa aliyelala fofofo, na kwenye uso unaocheka. Akairudisha karatasi kwa furaha, masikini ya Mungu.

Muuguzi akajumlisha. "Mbona uko vizuri, mzee! Vidonge hivi ni vya kiuno, kutwa mara tatu. Na unywe maji mengi."

Akayanywa, jagi baada ya jagi. "Ulimweleza vizuri?" mkewe akauliza. "Nimewaonyesha kila kitu," akajibu, na aliamini hivyo. Wiki ya tatu miguu ikaanza kuvimba, viatu vikamkataa. Ya tano, chakula kikawa kinarudi. Mkewe alimtazama anavyojikokota kwenda kazini. "Turudi hospitali, baba watoto." "Dawa inafanya kazi polepole. Tulia."

Miezi miwili ikatimia. Asubuhi moja, mteja kitini ana povu mashavuni, Kipara alikwenda uani asirudi. Mteja akamfuata na povu lake. Akamkuta amepiga magoti, tumbo gumu kama ubao, na mkojo hautoki hata tone.

Hospitali wakamwekea mpira wa kutolea mkojo. Mfuko ukajaa, wakaubadilisha, ukajaa tena, na Kipara akalia kwa nafuu mbele ya mke na binti yake. Damu ikachukuliwa ikapimwe. Daktari akafungua faili, akatoa ile karatasi.

"Mzee, hapa umesema mkojo unatoka vizuri, unalala usiku kucha, una furaha. Kwa nini ulitudanganya?"

"Sikudanganya, daktari. Nilichagua ninazozitaka."

Hakuna aliyecheka. Binti akaichukua karatasi. "Baba, si wameandika hapa juu? Onyesha hali yako ilivyokuwa mwezi uliopita."

"Wapi? Nisomee tena, mwanangu," akasema taratibu. Hapo ndipo binti alipojua. Akamsomea neno moja moja, akimwekea kidole.

Majibu ya damu yakaletwa. Daktari akayatazama mara mbili, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, na daktari akiketi, ujue.

"Mkojo ulikuwa unarudi juu. Figo zote mbili zimekwisha," akasema. "Ungekuja miezi miwili iliyopita, mzee wangu, tungeziokoa."

"Nilikuja," akasema Kipara.