Vikombe Alivyoficha Wifi Yangu

Wifi yangu ni mpika chai wa shirika la afya la kimataifa. Zamani aliamriwa atupe vikombe vya kauri, vije vya karatasi. Vile vya kauri akavificha stoo.

Juzi bosi mpya, katika kupunguza taka, alipiga marufuku vikombe vya karatasi asubuhi ile ile walipotarajiwa wageni sitini. Wifi alijua akivitoa vile vya zamani, ukaidi wake utajulikana na kazi itaota mbawa. Akavitoa.

“Mama, umevipata wapi?” bosi akauliza.

“Niliambiwa nitupe, bosi, roho ikagoma. Kama ni kunifukuza, subiri wageni wanywe kwanza.”

Bosi alicheka mpaka akashika mbavu. “Nikufukuze? Niambie, umeficha nini kingine?”

“Majagi ya maji. Chupa zenu za plastiki sijawahi kuzipenda.”