Nililichonga Gitaa la Mutua Likanikaa Mimi

Kosa ni langu, na sitamsingizia kafili, yaani mwajiri anayenimilikia kibali, wala joto la Riyadh. Niliharibu gitaa la rafiki yangu huku nikijisifu kwamba nalitengeneza!

Mimi ni dereva wa familia moja huku mtaa wa Al-Malqa. Mutua, Mkenya mwenzangu, alikuwa mlinzi wa jumba la jirani. Kidole chake cha pete cha mkono wa kushoto hakikunjiki tangu kibanwe na mlango wa lori, kwa hiyo gitaa lake la umeme alikuwa amelibadilisha mwenyewe, miaka na miaka. Aliinua nyuzi. Nyuma ya shingo ya gitaa alibandika kipande cha mbao, akakisugua kidogo kidogo mpaka mkono ule ukapata pa kushika.

Kafili wake alipomhamishia Jeddah, Mutua aliniletea gitaa hilo.

"Nishikie, bro. Kule tunalala wanane room moja, itavunjwa. Piga vile unataka, lakini usiibadilishe. Ni hii tu mkono yangu inaweza."

Nikaapa. Mdomo hauna kazi!

Mwaka wa kwanza nilishusha nyuzi tu, maana zilikuwa zinaniumiza vidole. Nikajiambia nitazirudisha. Mwaka wa pili niling'oa sumaku zinazonasa sauti nikaweka nyingine, kwa sababu napiga kwa hedifoni madam asisikie, na zile za zamani zilikuwa zinavuma masikioni. Mwaka wa tatu kile kipande cha mbao kikaanza kunikera. Kila nikishika, dole gumba linagonga hapo hapo.

Basi siku moja, baada ya kuosha magari, nilichukua msasa. Nilisugua mpaka madam akapiga simu kuniita. Shingo ikawa laini, nyembamba, ikanikaa mkononi sawasawa. Jamani, nilifurahi! Nilijua kabisa nimefanya nini, na bado nilifurahi.

Mutua alinipigia simu kila Ijumaa. Ndiye mtu pekee aliyekuwa ananipigia bila kutaka kitu.

"Gitaa iko aje?"

"Iko vile uliiacha."

Miaka yote hiyo nikimjibu hivyo! Wakati mwingine nilimpigia wimbo kwenye simu, naye anacheka, "Manze, umenoa mkono!" Nami napokea sifa.

Mwaka huu akapata karatasi za kurudi nyumbani kabisa. Wiki hiyo hiyo bosi akanituma kupeleka familia Jeddah kwa likizo, nikalibeba gitaa. Marafiki walikusanyika alasiri chumbani kwao mtaa wa Bani Malik kumuaga. Wakamwambia apige.

Alilipakata. Mkono wa kushoto ukapita nyuma ya shingo, ukarudi, ukapita tena. Alikuwa anatafuta! Alipobonyeza, kile kidole kigumu kikalalia nyuzi zote, zikanyamaza.

"Mzee, mkono imeshika kutu!" mmoja akamtania, na chumba kizima kikacheka.

Mutua hakucheka. Aliniangalia.

"Hukuniambia," akasema.

"Nilipunguza kidogo tu."

Kidogo! Ndilo neno nililopata.

"Halas, bro, imeisha. Hii ni yako sasa. Wapigie watu."

Nikapiga. Tena nikapiga vizuri, aibu gani hiyo! Watu wakashangilia, na Mutua naye akapiga makofi mpaka mwisho.

Siku tatu baadaye alisafiri. Nikimtumia ujumbe anajibu "poa", basi. Nilimtafuta fundi wa mbao hapa Riyadh nimwombe arudishe kile kipande. Akaniuliza kilikuwa na umbo gani. Sikujua! Nilikishika zaidi ya miaka miwili mpaka nikakichukia, sikuwahi hata kukitazama vizuri. Mkono unaojua uko Kenya, na mwenyewe hataki tena kuzungumza nami.

Ijumaa sasa zimekuwa ndefu. Nalipiga gitaa, halina kasoro hata moja, halafu navua hedifoni na chumba kinakuwa kimya kuliko kilivyokuwa. Nimelia, siwafichi.

Wewe uliyeachiwa kitu cha mtu, kiache kilivyo, hata kama kinakukera. Na kama tayari umekiharibu, usingoje akishike mbele za watu. Mpigie leo umwambie. Akutukane mpaka achoke! Heri matusi ya rafiki anayekupigia tena wiki ijayo kuliko hiyo "poa" ninayoisoma mimi.