Gia Mbili Mkononi mwa Shemeji

Shemeji yangu alinipa jina la Fundi Ruji akiwa amekaa mezani kwangu, anakula sambaza, dagaa wa ziwa letu, nilizokaanga mimi. Ruji ni rangi ya midomo. Mume wangu alicheka, halafu akaniona uso, akajifanya anakohoa. Wiki iliyofuata jina lilikuwa limeshafika ufukweni, na wavuvi wa Gisenyi wakishakubandika jina hulibandui hata kwa msasa.

Chanzo kilikuwa boti ya tajiri mmoja wa mjini, ile nyembamba yenye injini kubwa nyuma, anayowapandisha wageni wa hoteli. Mimi ufundi nilifundishwa na baba yangu Mwanza, kabla hatujarudi Rwanda. Tajiri aliniletea mguu wa injini, yaani ile sehemu inayozama majini na kubeba propela, nikaufungua na kubadilisha gia. Humo ndani gia mbili hukutana kwa pembe, na mahali meno yanapogusana hurekebishwa kwa vibati vyembamba kuliko ukucha. Ukikosea kibati kimoja, meno yanagusana ukingoni na kuanza kulika. Baba alinifundisha kuyapaka rangi, kuzungusha shafti kwa mkono, kisha kutazama rangi imefutika wapi. Rangi ya kazi hiyo huku sikuipata, nikatumia ruji niliyobaki nayo tangu harusi. Ilifutika katikati ya jino, pale pale panapotakiwa, nikafunga nikiwa na furaha, na jioni nikasimulia mezani, shemeji akiwepo.

Baada ya wiki tatu gia ilivunjika. Tajiri akamwita shemeji kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa naye ni fundi wa injini za boti. Aliishika gia, hakuigeuza hata mara moja, akasema mbele ya watu wote waliokuwa ufukweni:

"Bon, iko wazi. Huyu mama aliweka vibati mubaya. Gia haikukaa muzuri."

Alijua anasema uongo. Jino lililowekewa vibati vibaya hulika polepole upande mmoja, likawa na mng'ao na vishimo. La kwangu lilikuwa safi, limekatika shinani kwa mara moja, na pale lilipokatikia palikuwa na chengachenga kama sukari guru. Gia inayokatika hivyo imepigwa pigo moja kubwa, na fundi yeyote analijua hilo. Lakini shemeji aliitaka ile kazi, na akaipata siku hiyo hiyo. Mimi nikapoteza hata injini ndogo za wavuvi. Karibu mwaka mzima nilitengeneza pampu za kumwagilia za wakulima, na watu waliniuliza kama nazo nazipaka ruji.

Ile gia niliiokota nikaiweka jikoni. Kila shemeji alipokuja kula, niliihamishia mezani, karibu na chumvi. Hakuwahi kuniuliza inafanya nini pale. Alikula akitazama sahani.

Sitajificha: niliomba gia yake nayo ivunjike. Niliomba kanisani, wakati wenzangu wanaombea wagonjwa.

Na nilijua itavunjika, kwa sababu niliona kwa macho yangu. Barabara ya kwenda Nyamyumba inafuata ziwa, na siku moja nilimwambia mwenye pikipiki asimame, nikamtazama tajiri anavyoendesha. Meli ya abiria ilipopita, alikimbilia mawimbi iliyoyaacha nyuma. Boti ikaruka, wageni wakapiga kelele za raha, propela ikatoka majini na injini ikalia kwa resi tupu, kwa kuwa haikuwa na maji ya kusukuma. Dereva anayejua hupunguza resi hapo hapo, boti ikiwa bado hewani. Tajiri hakupunguza. Boti ikatua, maji yakaikamata propela ghafla, na nguvu yote ya injini ikaangukia jino moja au mawili yaliyokuwa yanagusana wakati ule. Hata uweke vibati kwa darubini, chuma hicho siku moja kitakatika. Ningempigia shemeji simu siku ile, angeokoka. Niliacha simu mfukoni, nikamwambia mwenye pikipiki twende.

Ilikatika Jumamosi mchana, wageni wakiwa ndani. Walivutwa hadi ufukweni na mtumbwi wa wavuvi, ambao waliimba njia nzima makusudi.

Saa chache baadaye tajiri alinipigia. Alitaka nifike kesho yake, niseme mbele ya watu kwamba shemeji amekosea vibati, halafu kazi irudi kwangu. Mume wangu aliposikia akasema, "Mama watoto, yule ni mdogo wangu." Nikamjibu kwamba namjua vizuri, nimempikia mwaka mzima.

Nilikwenda na gia yangu kwenye mfuko wa karatasi. Shemeji alikuwa amesimama kando ya boti, kofia mkononi, na gia iliyovunjika ilikuwa juu ya meza.

"Mama, itazame, halafu uwaambie," akasema tajiri.

Neno la kummaliza nilikuwa nalo ulimini tangu mwaka uliopita. Lakini nikimmaliza kwa vibati, na mimi nabaki nimehukumiwa kwa vibati vile vile. Nikachukua gia zote mbili nikamwekea shemeji mkononi.

"Shemeji, nisomee kwanza hii ya zamani," nikasema. "Ile uliyoisoma haraka."

Akaigeuza ya kwanza, akaigeuza ya pili. Meno yalikuwa yamekatika shinani sawasawa, kwa chengachenga zile zile. Watu wakasogea. Nilifurahi kuona jasho likimtoka asubuhi ile ya baridi, na sikumsaidia.

"Ukisema hii ni vibati," nikamwambia, "basi na hiyo nyingine ni vibati, na ni vyako."

"Haiko vibati," akasema kwa sauti ya chini.

"Sema wakusikie."

"Haiko vibati, yote mbili. Ni boss. Jana wageni waliniambia, anarukaka mawimbi na resi yote, hapunguzaka hata boti ikiwa hewani. Shemeji alifunga muzuri. Mi nilidanganya, juu nilitaka kazi yake."

Tajiri alikasirika, akatufukuza wote wawili, akasema atatafuta fundi anayejua boti za kisasa. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Wiki ile ile wavuvi wawili waliniletea injini zao, na mmoja aliniita fundi bila kuongeza kitu.

Shemeji alikuja Jumapili iliyofuata. Sikumpa kiti, alikivuta mwenyewe. Akasema tajiri amepata fundi kutoka Kigali, mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza kujulikana, na gia mpya imeshafungwa.

"Namba yake niko nayo," akasema. "Shemeji, tumupigie, tumuambie vile boss anaendesha. Ile gia itamukatikia, na watasema ni yeye."

Nilimtazama hadi akashusha macho.

"Mimi nani alinipigia?"

Simu yake ilikuwa mezani kati yetu, namba ya yule fundi imo ndani, na hakuna kati yetu aliyeinyooshea mkono.