Nilimsomea Bibi Skolastika mkia wa habari, nikamrudisha nyumbani na macho yake

Wakuu, salamu kutoka Laela, Rukwa, huku baridi ya asubuhi inafanya chai iuzike yenyewe.

Ninachoandika hapa kimo kwenye daftari langu. Pale nilipokosea nimeandika nilikosea, kwa hiyo sitajipamba.

Mimi ni wa darasa la saba. Kusoma nasoma, ila polepole. Nikikosea humu nirekebisheni tu.

Nina mgahawa mdogo karibu na stendi. Chai, chapati, maharage. Ukuta kwa ukuta na mimi kuna mashine ya kusaga, na ikishawaka husikii hata mtu anayekuomba chumvi.

Nilinunua TV nikidhani itavuta wateja. Ikavuta, lakini sauti hakuna anayeisikia. Kilichobaki ni picha na yale maandishi yanayopita chini.

Wazee wengi wanaoleta mahindi na ulezi kusaga hawawezi kukimbizana na maandishi yale. Basi wakaanza kuniuliza, "Hapo wameandika nini?" Nikawa nasoma Kiswahili, nawainamia sikioni nasema Kifipa.

Haukupita muda wakanibatiza jina: Sauti. Kwamba TV ina picha, sauti ni mimi.

Nilikuwa naona aibu, maana najijua. Mstari mrefu ulikuwa unanikimbia nikiwa katikati. Ndiyo nikaanza lile daftari: mstari ukinipita naandika nilichokipata, unaporudi namalizia. Nikajiwekea sheria kwamba habari ambayo sijaiona kichwa na mkia sitangazi.

Sheria nzuri. Niliivunja mara moja.

Kuna Bibi Skolastika, wa kijiji cha mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anakuja na mkwewe kusaga ulezi, anakaa ameipa TV mgongo, anasema haimsaidii kitu.

Kanisani walitangaziwa kwamba madaktari wa macho watakuja Sumbawanga, hospitali ya mkoa. Siku hazikutajwa. Bibi akasema yeye atasubiri Sauti amwambie.

Wakuu, mzigo huo. Mtu ananiachia macho yake mimi ninayesoma kwa kufuata na kidole.

Kila akija, swali lilikuwa moja. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, akauliza tena. Nilikuwa nageuza chapati, moshi umenijaa. Nikainua kichwa, nikakuta mstari unaishia: "...YA MACHO IMEAHIRISHWA HADI ITAKAPOTANGAZWA TENA."

Nikamwambia, "Bibi, wameahirisha."

Akasema, "Haya. Nimeshazoea giza, halinitishi." Akashika fimbo, mkwewe akajitwika unga, wakaondoka.

Nikachukua daftari niandike. Hapo ndipo mkono uliponigoma, maana sikuwa na mwanzo wa kuandika. Nilikuwa na mkia mtupu.

Nikasimama mbele ya TV kusubiri urudi. Ukapita mpira. Yakapita matangazo ya mbegu. Umeme nao ukakatika. Chapati mbili ziliungua, nazitaja kwa sababu wateja waliozila hawakulalamika na wanastahili kusifiwa.

Umeme uliporudi nikausoma wote. Kambi ya macho iliyoahirishwa ilikuwa ya mkoa wa jirani. Ya kwetu ilikuwa imetajwa kabla yake: inafungwa kesho, Ijumaa.

Sikujiamini. Nikamwita Deo, kondakta wa kosta ya Sumbawanga, yeye amefika kidato cha nne. Huwa ananitania kila siku, "Mheshimiwa Sauti, leo dunia inasemaje?" Nikamwomba asome.

Akasoma. Siku hiyo hakunitania. Akasema, "Sauti, umemrudisha bibi wa watu. Mfuate. Kesho kiti cha mbele nawawekea."

Simu bibi hana. Nikazima jiko, nikafunga, nikapanda bodaboda.

Njiani nilikuwa nawaza nitasemaje. Nilifikiria kusema TV ndiyo imebadilisha. Nakiri nililifikiria hilo mpaka tukavuka daraja.

Nikawakuta ndiyo wanafika, bibi anavua viatu mlangoni.

"Shikamoo bibi. Nimekusomea mkia wa habari. Kosa ni langu, TV haina kosa."

"Marahaba. Na kichwa chake kinasemaje?"

"Kwetu wapo. Kesho ndiyo mwisho."

Akaanza kuvaa viatu upya. Mkwewe akamwambia, mama, ni kesho. Akajibu, "Navijaribu."

Ijumaa alfajiri Deo alitunza kiti kama alivyosema. Bibi na mkwewe walikuta foleni imezunguka jengo, akawa miongoni mwa wa mwisho kuingia. Walimtengeneza jicho la kulia. La kushoto waliambiwa lisubiri, na mpaka leo linasubiri. Siwezi kuwaambia alipona yote.

Mwezi haujaisha akaja mgahawani. Safari hii akageuza kiti, akaitazama TV.

Nikasoma mstari kama kawaida, habari ya barabara itakayofungwa kwa matengenezo upande wa Chala. Nikamaliza nikajisikia vizuri.

Bibi akasema, "Umeruka neno."

Watu wakamgeukia. Akaeleza kwamba zamani, akiwa mama kijana, alisoma elimu ya watu wazima. Alikuwa anasoma mpaka macho yalipoingia giza. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na mimi nikiwemo.

Tukasubiri mstari urudi. Ukarudi. Akausoma herufi kwa herufi, kidole hewani, na neno lilikuwepo kweli: "kwa malori". Mimi nilikuwa nimewafungia barabara watu wote.

Deo alicheka mpaka akakalia ndoo. Akatangaza kuwa kuanzia leo Sauti ni bibi, mimi nirudi kwenye chapati.

Wakuu, sijawahi kuvuliwa cheo nikafurahi namna ile. Nilimwekea chai kwa fahari. Usiku ule niliandika kwenye daftari mstari mmoja tu, nao una kichwa na mkia: Bibi Skolastika amenisahihisha.

Nilichojifunza: ukiwa jicho la mtu mwingine, subiri mstari urudi. Ukikosea, mfuate mwenye habari yake mpaka mlangoni kabla hajalala na uongo wako.

Nanyi mnaosomea wazazi na majirani zenu, iwe TV, simu au barua ya hospitali, mnafanyaje msikosee? Na mlipokosea mlirudi? Semeni hapa chini, nitasoma yote. Polepole, lakini mpaka mwisho.